Kitenzi "Give up" na Maana Zake

Katika madaftari ya wanafunzi wetu wa Kiingereza twakuta mara nyingi mstari huu: "give up, kukata tamaa." Maelezo hayo si ya uongo. Walakini ni mafupi kupita kadiri, na ufupi huo una hasara yake, kwa kuwa kitenzi hiki hutokea karibu katika kila kitabu cha Kiingereza, na mahali pengi kinapotokea, habari za kukata tamaa hazimo kabisa.

Tuchukue habari inayojulikana na wengi. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery huko Marekani, Bibi Rosa Parks alikuwa akirudi nyumbani kwa basi kutoka kazini. Dereva akamwamuru yeye na wenzake watatu waondoke katika safu yao, ili abiria mmoja mzungu aliyekuwa amesimama apate kuketi. Wenzake wakaondoka, yeye hakuondoka, akakamatwa. Vitabu vya Kiingereza husimulia kwamba alikataa "to give up her seat". Mwanafunzi mwenye daftari lile atafasiri kwamba alikataa kukata tamaa ya kiti chake. Hapo darasa litacheka, au, lililo baya zaidi, halitacheka, ila litaandika vivyo hivyo. Mswahili angesema kwa urahisi kwamba alikataa kumwachia kiti, au alikataa kumpisha. Katika sentensi ile tamaa haimo, wala haikukatwa. Mna kitu kilichoshikwa, na mtu aliyekishika, na mwingine anayetaka kukitwaa.

Basi mambo hayo matatu ndiyo shina la kitenzi hiki, nasi twataka kuonyesha kwamba matawi yake yote, hata lile la kukata tamaa, hutoka katika shina hilo.

Kitenzi chenyewe ni cha zamani. Watawa wa Peterborough katika Uingereza waliandika tarehe ya nchi yao, na sehemu ya mwisho ya tarehe hiyo iliandikwa mnamo mwaka 1154 au baada yake kidogo. Humo imesimuliwa jinsi Mfalme Stephen alivyowakamata Roger askofu wa Salisbury, na Alexander askofu wa Lincoln, na Roger mwingine aliyekuwa mwandishi mkuu wa mfalme, akawatia gerezani mpaka wakazitoa ngome zao. Mtawa aliiweka habari hiyo chini ya mwaka 1137, ijapokuwa kukamatwa kwenyewe kulitokea Oxford mwaka 1139. Kitenzi alichokitumia kwa huko kuzitoa ngome ni hiki chetu, kwa tahajia ya siku zile: "iafen up". (Maaskofu wenye ngome wasiwashangaze wasomaji wetu, Roger wa Salisbury alikuwa mjenzi mashuhuri wa ngome, na hayo ndiyo yaliyompatia taabu.) Kama walikata tamaa au hawakukata, mtawa hakusema. Alilosema ni kwamba kitu walichokishika kiliwatoka mikononi, kikaingia mikononi mwa aliyewashinda nguvu.

Na neno "up" hufanya kazi gani hapo? Mwanafunzi amekwisha kufundishwa kwamba "up" ni "juu", naye huuliza kwa haki, mbona ngome zikatolewa juu? Na ajibiwe kwamba "up", ikiandamana na vitenzi vingi, huacha maana ya juu, ikashika maana ya ukamilifu. "Eat" ni kula, bali "eat up" ni kula hata kumaliza. "Dry" ni kukauka, bali "dry up" ni kukauka kabisa, kama kisima wakati wa kiangazi. Kadhalika "give" ni kutoa, bali "give up" ni kutoa moja kwa moja, mtoaji asibakiwe na sehemu wala dai. Kiingereza cha kale kabisa kilitia maana za namna hii mbele ya kitenzi, kikazishikamanisha nacho. Palikuwa na neno "ofgiefan", lenye maana ya kuacha au kutoka katika kitu. Baadaye desturi ikageuka, vijineno vikahamia nyuma ya kitenzi, vikasimama peke yake.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kutia ukamilifu, ila huutia katika mkia wa kitenzi. Kutupa ni kutupa tu. Kutupilia mbali ni kutupa usiwe na nia ya kukiokota tena kitu hicho. Kupotea kuna kurudi. Mtu akiambiwa "potelea mbali," hatazamiwi kurudi. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi kwamba "-lia mbali" yetu na "up" yao ni ndugu katika kazi, ingawa moja imo ndani ya neno na ya pili iko nje, atawaokoa na taabu nyingi, nao hawatalitafuta tena "juu" pasipo na juu.

Sasa tuingie katika jambo lililotupendeza kuliko yote tulipokuwa tukilichunguza neno hili. Kila mwenyeji wa pwani na bara ajua mchezo wa vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Wakijua, hujibu kwamba ni yai. Wasipojua, hawasemi tu kwamba wameshindwa, kwa maana aliyetega hudai, "Nipeni mji!" Ndipo hutajiwa mji, tuseme Mombasa au Tabora, na kama hakuupenda huukataa, akadai mji ulio mkubwa zaidi. Akiisha kuridhika, husimulia jinsi alivyofika huko, akapokewa, akala, akanywa, na mwisho hutoa jawabu.

Na Mwingereza akishindwa na kitendawili husemaje? Husema, "I give up." Zamani alizoea kusema, "I give it up." Katika kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, kilichofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, msichana Alice hutegewa kitendawili na mtengeneza kofia mwenye wazimu, naye akishindwa huitumia kauli hiyo ya zamani pamoja na "it" yake; kisha inaonekana ya kuwa hata mtegaji hajui jawabu. Basi Waingereza wamesahau ni kitu gani wanachokitoa wasemapo "I give up" katika mchezo. Kwetu hakijasahauliwa: ni mji. Mtoto wa Kiswahili akishindwa hutoa mji kwa kinywa, kama maaskofu wale walivyotoa ngome kwa vitendo. Hatusemi kwamba desturi moja ilizaliwa na nyingine, la hasha. Twasema tu kwamba mwalimu atakaye kulifundisha neno hili hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana anao uani kila jioni. Aanze na kitendawili, adai mji, kisha aandike ubaoni "I give up." Maana itawaingia wanafunzi pasipo kamusi.

Katika vita na serikali maana hiyo ya kwanza ingali hai. "To give up the town" ni kuusalimisha mji. "He gave himself up" ni alijisalimisha, kama mhalifu aendaye mwenyewe katika kituo cha polisi. Mtu aliyefungwa akiwataja wenzake waliojificha, husemwa kwamba "he gave them up", na hapa Kiswahili hutaka neno kali zaidi, yaani aliwatoa, au aliwasaliti. Mfalme Edward wa Nane alipoacha ufalme mwezi wa Desemba mwaka 1936, Waingereza walisema "he gave up the throne". Sisi tungesema alijiuzulu, ama aliacha kiti cha enzi.

Neno hili "kuacha" ndilo litakalomfaa mfasiri mara nyingi kuliko maneno mengine, hasa katika habari za mazoea. "He gave up smoking" ni aliacha kuvuta tumbako. Hapa wanafunzi hukosea kwa namna mbili. Kwanza huandika "give up to smoke", kwa sababu kwa Kiswahili twasema "kuacha kuvuta," na "kuvuta" wamezoea kulifasiri kwa "to smoke". Na wajue kwamba kitenzi kinachofuata "give up" lazima kiishie na "-ing". Pili huchanganya "give up" na "stop". Mvua hukoma, saa husimama, watoto huacha kelele; yote hayo ni "stop". Mvua haisemwi "give up" ila kwa mzaha, maana haikushika kitu. Kadhalika mtu aliyetua mzigo njiani apumzike hakuu-"give up". Lakini akiuacha mzigo porini akaenda zake, kwa kuwa umemshinda, neno ni hilo. Palipo na "give up" pana kitu ambacho mwenyewe alikipenda, au alikihitaji, au alikuwa na haki nacho, na kukiacha kumemgharimu.

Kwa sababu hiyo Wakristo wa Uingereza hulitumia sana katika majira ya Kwaresima. Huulizana, "What are you giving up for Lent?" Mmoja hujibu sukari, mwingine pombe, mwingine sigara. Wafasiri wengine hutumia hapa "kuacha," nasi hatulipendi neno hilo mahali hapa. Kwa Kiswahili aliyeacha pombe ameacha, na akionekana kilabuni siku ya Jumatatu ya Pasaka, watu watasema amerudia. Yule Mwingereza hakuahidi kuacha. Alijinyima kwa siku arobaini, na akila sukari yake Pasaka hakuvunja neno. Kiingereza hakitengi mambo haya mawili, bali hulitumia neno moja kwa la muda na kwa la milele. Kiswahili hutenga, nacho kina neno zuri la kujinyima, ambalo laonyesha wazi kwamba anyimaye na anyimwaye ni mtu mmoja. Mhubiri asilipoteze.

Na tumfikie sasa mhubiri mwenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa. Neno "tamaa" katika Kiswahili lina nyuso mbili. Ni tumaini la kupata jambo, nalo ni jema. Tena ni uchu wa mali na wa mwili, nao ni mbaya. Ukilitamka peke yake, mara nyingi msikilizaji hudhani wasema juu ya ule ubaya. Lakini katika "kukata tamaa" uso wa kwanza ndio unaobaki: aliyekata tamaa ametamauka, hatazamii kupona, wala kuokoka, wala kusamehewa. Sasa mtu asomaye Kiingereza akikuta katika kitabu cha ibada shauri la "give up" tamaa za dunia, naye anayo katika kichwa chake daftari lile lisemalo kwamba "give up" ni "kukata tamaa," atasimama mbele ya watu awaambie, "Ndugu zangu, kateni tamaa." Alikusudia kuwaambia waache tamaa. Waliosikia wameambiwa wasitumaini tena. Mwenye afya atatabasamu akijua kwamba ulimi wa mhubiri umeteleza. Lakini mgonjwa aliyeletwa kanisani juu ya kitanda hatatabasamu. Katika Kiswahili tofauti ya mauti na uzima hapo ni kitenzi kimoja, kukata au kuacha, nacho Kiingereza hakikuitia.

Kwa Kiingereza kutamauka hasa ni "to give up hope". Mazoea ya kusema yakaliangusha neno "hope", likabaki "he gave up" peke yake, na kutoka huko ndiko maelezo ya daftari yalikotoka. Twaona basi kwamba tawi hili nalo ni la shina lile lile: mtu alikuwa ameshika tumaini, likamtoka mkononi. Mganga akisema juu ya mgonjwa kwamba amem-"give up", maana yake hana dawa tena ya kumpa. Wavuvi waliopotea baharini wakiwa "given up for dead", wamehesabiwa kuwa wamekufa, hata pengine matanga yamekwisha kuwekwa, ingawa huenda wakarudi. Na siku hizi twakuta sana "to give up on" mtu, ambayo ni kumkatia mtu tamaa. "The teacher gave up on him" ni maneno mazito kuliko yanavyoonekana. Si kwamba mwalimu aliacha kazi, bali alimwacha mtoto.

Jirani yake "give up" ni "give in", nao huchanganywa kila siku. Mtoto amlilia mama yake ampe sukari. Mama akichoka kusikia kilio akampa, ni mama aliye-"give in": amelegea, amekubali alilolikataa. Mtoto akichoka kulia akaenda kucheza, ni mtoto aliye-"give up": ameacha jitihada yake. Katika kisa kimoja hawezi mmoja kufanya yote mawili kwa pamoja, na mwalimu akiwagawa wanafunzi wawili wawili wakakiigiza kisa hiki hawatalisahau. Rosa Parks mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1992, alikanusha kwamba alibaki kitini kwa uchovu wa mwili. Uchovu wake, alisema, ulikuwa wa "giving in". Katika kisa kile, basi, majirani hawa wawili wako pamoja: kwa kuwa alichoka na moja, hakukubali ya pili.

Kuhusu mahali pa kuiweka "up" hatutakawia. Yaweza kusemwa "give up the castle" au "give the castle up", yote ni sawa. Lakini kitu kikitajwa kwa kijineno tu, kama "it" au "them", kijineno hicho hukaa katikati: "give it up", wala si "give up it". Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kulistaajabia jambo hili, maana katika "aliuacha" ile "u" ya mji nayo imekaa tumboni mwa kitenzi.

Limebaki tawi moja, nalo ni la wachungaji hasa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 kufa kwa Bwana wetu msalabani kumesemwa "gave up the ghost" kwa Marko, kwa Luka na kwa Yohana; kwa Mathayo ni "yielded up", iliyo karibu sawa. Asomaye Kiingereza peke yake atadhani kwamba Wainjili wote wameandika neno moja. Sivyo. Marko na Luka wana kitenzi cha Kiyunani "exepneusen", yaani alitoa pumzi ya mwisho. Mathayo asema aliiachilia roho. Yohana ana "paredoken", yaani alikabidhi. Kitenzi hiki cha Yohana ndicho kile kile kilichotumika, sura moja nyuma, kwa Yuda aliyemtoa Bwana wake, na tena kwa Pilato alipomtoa asulibiwe. Yuda akabidhi, Pilato akabidhi, na mwisho yeye aliyekabidhiwa akabidhi roho yake mwenyewe. Katika Kiingereza cha 1611 uzi huo umekatika, kwa kuwa Yuda ana "betray", Pilato ana "deliver", na Bwana ana "give up".

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilishika tofauti za Wainjili vizuri kuliko ile ya Kiingereza. Marko na Luka wana kukata roho. Mathayo ana kuitoa roho. Na Yohana ana kuisalimu, neno lile lile la kusalimu amri na kusalimisha mji. Afundishaye habari ya Ijumaa Kuu kwa vitabu vya Kiingereza na ailinganishe kwanza na Kiswahili chake. Asiharakie kudhani kwamba Kiingereza ndicho chenye asili, na Kiswahili ndicho kilichochafuka kwa tafsiri.

Na awaonye wanafunzi juu ya jambo moja zaidi. Maneno haya "give up the ghost", yaliyokuwa ya heshima mwaka 1611, yameshuka sana katika Kiingereza cha leo. Husemwa juu ya mtambo wa motokaa uliozimika mlimani usiwake tena, au juu ya saa kuukuu, na wasikilizaji hucheka. Mwanafunzi aliyeyapata katika Biblia, kisha akayaandika katika barua ya kumpa pole Mwingereza aliyefiwa na baba yake, ataumiza moyo wa mfiwa pasipo kukusudia. Na aandike "died", au akitaka upole zaidi "passed away", ambayo iko karibu na kufariki kwetu. Juu ya motokaa, Kiswahili hakina shida: gari limekufa.